Manukato Siku ya Kuonja

Chupa ile ya manukato Fundi aliletewa na shangazi yake siku ya harusi, na tangu siku hiyo haikuwahi kufunguliwa. Si kwamba hakuipenda. Mke wa mwonjaji wa kahawa hajipaki manukato, na hilo alilijua kabla ya ndoa. Mume wake alimweleza mapema, wakati wa uchumba, kwa haya kidogo kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo, kwamba pua ndiyo jembe lake. Nyumbani kwao nguo zilifuliwa kwa sabuni isiyo na harufu, vitunguu vilikaangwa dirisha likiwa wazi, na yeye Fundi, aliyependa kunukia tangu usichana, akakubali kunukia maji tu. Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema hajapata kusikia mwanamume anayelipwa mshahara kwa kunywa kahawa na kuitema, akaomba tu kwamba mtu aliyezoea kutema asije akamtema na mpwa wake.

Huu ulikuwa mwaka wao wa nne ugenini. Mume alikuwa katika kampuni ya kununua kahawa, na huko kazini na mtaani watu hawakumwita kwa jina, walimwita Mwonjaji. Mke alishona mapazia katika duka la vitambaa, naye wakamwita Fundi, na mume mwenyewe akawafuata, akawa anamwita Fundi wangu. Siku za mapumziko walipanda treni hadi mji wasioujua, wakatafuta mkahawa mdogo kuliko yote, wakaagiza chakula ambacho hata kukitamka hawakuweza, wakamalizia na kahawa. Mwonjaji angefumba macho, Fundi amsogezee kikombe chini ya pua, naye aanze. Hii ilianikwa chini, haikuanikwa kwenye kichanja. Hii ilikaa dukani karibu na sabuni. Mwenye hii amegombana na mkewe asubuhi. Fundi aliamini nusu na kucheka zote. Mtu angewauliza nyumbani kwenu ni wapi, wasingetaja vile vyumba viwili walivyopanga, wangetaja meza hizo.

Tangu msimu wa baridi uishe, mambo hayo yalikoma. Mwonjaji, aliyekuwa ametoka kuugua homa, alisema amechoka. Akaacha kuagiza, akawa anakula kilichowekwa mbele yake, kimya, hadi sahani ikawa nyeupe, na kahawa ya mkewe akainywa kama mtu anayekunywa dawa. Lakini safari za kazi hazikuchoka. Zile ziliongezeka, na katika kila safari alikuwemo Kidoti.

Kidoti alikuwa mwanafunzi wake wa kuonja, binti mwenye alama nyeusi juu ya mdomo na sauti ya chini ambayo ukitaka kuisikia lazima umwinamie. Alimwita Mwonjaji kaka. Kwa hiyo Fundi akawa wifi, atake asitake.

"Wifi," Fundi alimlalamikia shangazi yake kwenye simu. "Utadhani kaka yake na yeye wamenyonya ziwa moja."

Shangazi, aliyekuwa akiishi mji mwingine wa nchi ileile, mwendo wa nusu siku kwa treni, hakumtuliza. Yeye ndoa hii hakuipenda tangu mwanzo. Alisema mwanamume ambaye halalamikii tena chakula cha mkewe basi ana kwingine anakolalamika. Akaongeza kwamba chumba cha nyuma amekifagia na kitanda kimetandikwa, na kwamba yeye hamshawishi mtu.

Ndipo kampuni ilipoandaa mkutano na wateja wake katika hoteli moja kwenye mji wa milimani, ikawaalika na wake na waume. Mwonjaji alimwambia Fundi kwamba si lazima aende, atachoka bure, watu watakuwa wakivuta kahawa na kutema kutwa. Alimwambia kwa upole sana. Upole ule ndio uliomfanya Fundi atoe sanduku.

Kwenye treni walikaa wakitazamana, Fundi na mumewe upande huu, Kidoti upande ule. Kidoti alikuwa amefunga mikate na mayai ya kuchemsha, akawagawia wote kwa heshima, la Mwonjaji akalimenya kabisa. "Nimelitoa mapema motoni," alisema, "kaka hapendi kiini kikavu." Fundi alishukuru, akala. Jambo lile alilijua yeye miaka mingi. Kulisikia kwenye kinywa cha mwingine kulikuwa sawa na kuona gagulo lako limeanikwa kwenye kamba ya jirani. Alimtazama mumewe aone kama ataona haya. Mumewe alikuwa akitazama nje, milima ikipita.

Usiku huo Fundi alisali kwa muda mrefu kuliko kawaida. Hakuomba mumewe arudi. Aliomba apewe macho ya kuona na mdomo wa kunyamaza, na akalala akiwa na hakika ya kupata kimoja tu.

Asubuhi ya kuonja, mumewe akiwa bafuni, alifungua ile chupa.

Alijipaka shingoni. Alijipaka viganjani, nyuma ya masikio, hata pembe ya mtandio. Alijua anachokifanya. Manukato siku ya kuonja ni sawa na kuingia na viatu vya matope katika chumba cha maombi, na katika miaka yote ya ndoa yao hilo lilikuwa jambo la pekee lililoweza kumfanya Mwonjaji apandishe sauti. Ndiyo sauti aliyoitaka. Agombezwe, aulizwe ana wazimu gani, ashikwe mkono apelekwe bombani. Anayegombezwa angalau yumo nyumbani.

Mwonjaji alitoka, akamkuta mbele ya kioo akihangaika na kishikizo cha mkufu. Akauchukua, akainama nyuma yake kuufunga, uso wake karibu na shingo ile kiasi kwamba Fundi alisikia pumzi yake. Fundi akabana pumzi zake mwenyewe.

"Umependeza," alisema Mwonjaji. Kisha akaenda kutafuta viatu.

Fundi alibaki palepale akijitazama kwenye kioo. Kumbe basi hata pua yake haiko hapa tena, alijiambia. Imekwenda na moyo.

Walishuka chini. Chumba cha kuonjea kilikuwa na mlango na ukuta wa kioo kitupu, ndani meza ndefu isiyo na viti, vikombe vimepangwa, maji yanachemka. Kidoti alikuwa mlangoni na aproni yake. Fundi hajafungua mdomo kusalimu, yule binti aliinua kichwa, mabawa ya pua yakacheza.

"Wifi, samahani sana. Umejipaka kitu?"

"Nimejipaka."

Kidoti akashusha sauti, akaeleza kwa adabu kwamba wateja wameanza kufika, kwamba harufu ile ikiingia humo kahawa zote zitanuka hivyohivyo mpaka kesho, na kwamba anamwomba wifi yake, kwa hisani yake, akae hapa nje, aletewe kiti. Adabu ile ilimchoma Fundi kuliko tusi. Akamgeukia mumewe. Mwonjaji aliwatazama mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyeamshwa usingizini akaambiwa nyumba inaungua.

"Msikilize Kidoti," alisema hatimaye, akaingia.

Kwa hiyo Fundi alikaa kwenye kiti nje ya kioo, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa, akamtazama mumewe akifanya kazi na mwanamke mwingine. Wateja walizunguka meza. Mzee mmoja mrefu, mwenye kampuni, ambaye wote walimwita Mkuu, alisimama kichwani mwa meza. Kahawa ikamiminiwa maji, ikapumzishwa, utando wa juu ukavunjwa kwa kijiko. Kidoti akatangulia: akachota, akavuta kwa kishindo, akatema kwenye ndoo. Kisha Mwonjaji akachota, akavuta, akatema, akafumba macho.

Macho yale yaliyofumbwa Fundi aliyajua. Yalikuwa yake. Yalikuwa ya meza zao ndogo za siku za mapumziko.

Akashusha macho yake mwenyewe chini kwa uchungu, na ndipo alipouona mguu.

Chini ya meza kiatu cha Kidoti kilijongea taratibu mpaka kikafika kwenye kiatu cha Mwonjaji, kikamkanyaga. Mwonjaji hakuuondoa mguu wake. Akafumbua macho, akawaambia wateja maneno fulani, wateja wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Wakahamia kikombe kingine. Mguu ukaja tena. Na kingine, ukaja tena, na safari hii Fundi alitazama uso, akaona mumewe ametulia kama anayesubiri kitu anachojua hakitachelewa.

Fundi alisimama. Hakugonga kioo, wala hakulia. Alipanda juu, akafungua sanduku na kuanza kukunja nguo, kila moja kwa mshono wake kama alivyozoea kukunja mapazia ya watu, huku simu ikiwa begani akimsikiliza shangazi. Ipo treni ya mchana, shangazi alisema. Na hakusema nilikuambia, jambo ambalo kwake lilikuwa wema mkubwa.

Mwonjaji alipoingia, sanduku lilikuwa limefungwa. Alisema ameona kiti kitupu, akataka kujua kama anaumwa.

"Mguu ndio unaouma," Fundi alisema. "Si wangu."

Mwonjaji alifunga mlango nyuma yake, akabaki ameushika.

"Umeona."

"Mungu kanipa macho. Nilimwomba jana, hakuchelewa." Fundi alikaa kitandani, mikono mapajani. "Sasa niambie wewe mwenyewe, nisije nikamsingizia mtoto wa watu. Kaka gani anayekanyagwa miguu mbele ya wageni?"

Mumewe akaanza kusema si hivyo anavyodhani, akaacha. Akaanza upya kwamba angemweleza, kwamba alitaka kumweleza siku nyingi, akaacha tena. Fundi alimwambia asijisumbue. Alimwambia kwamba tangu baridi iishe yeye anaishi na koti lililotundikwa mlangoni. Anapika, halisemi. Anaongea, haligeuki. Na leo asubuhi amefanya kitu ambacho mke wa mwonjaji hakifanyi, amejimwagia manukato kama bibi harusi ili tu mumewe amgombeze, na mumewe ameinama juu ya shingo yake akamwambia umependeza.

Mwonjaji aliuachia mlango.

"Manukato yako ndiyo Kidoti aliyoyasema pale mlangoni?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nilidhani ni mafuta ya nywele. Nilidhani ni kidogo tu." Akasogea, akapiga magoti mbele yake, akachukua kiganja chake, akakiweka puani. Akavuta pumzi. Akavuta tena, kwa nguvu, macho yamefumbwa, mishipa ya shingo imesimama. Kisha akakirudisha kiganja pajani taratibu, kama anarudisha kitu cha kuazima.

Fundi akamtazama. Mambo yote ya miezi ile yalimrudia, sahani zile nyeupe, kahawa inayonywewa kama dawa, na yakajipanga kwa namna nyingine.

"Tangu lini?" aliuliza.

Tangu ile homa ya msimu wa baridi, mumewe alisema. Homa iliondoka, ikaondoka na harufu. Ulimi bado unajua chungu na chachu na tamu, basi, kama wa mtu yeyote. Daktari alisema huenda harufu itarudi, huenda isirudi. Kidoti aligundua kwa sababu walikuwa wakionja bega kwa bega, na siku moja alimsikia akiisifu kahawa iliyokuwa na ukungu. Hakumsema kwa mtu. Siku iliyofuata alimkanyaga mguu. Kisigino, kahawa ina kasoro. Ncha ya kiatu, ni safi. Hayo mengine Mwonjaji aliyatunga kwa uzoefu.

Mtu angedhani hapo Fundi angemkumbatia. Moyo wake ulitaka. Lakini kulikuwa na uchungu mwingine, mkubwa kuliko ule wa asubuhi, na aliuona wazi kabisa.

"Kwa hiyo aliyejua kwanza ni yeye."

"Fundi wangu, yeye aliona tu. Sikumwambia mimi."

"Na mimi uliniambia lini?"

Mwonjaji aliketi sakafuni. Kisha akasema kwamba aliogopa. Bila pua hana kazi, bila kazi hawana haki ya kukaa nchi hii, na zile treni, na zile meza, zote zingekwisha. Akaogopa kwamba Fundi alimpenda kwa ajili ya maneno yale anayosema akiwa amefumba macho, na sasa hana hata moja. Na shangazi angecheka.

"Shangazi angecheka," Fundi alikubali. "Halafu angekupikia supu." Akavuta pumzi. "Sikasiriki kwamba unaumwa. Nakasirika kwamba mwingine ndiye aliyekuuguza. Miezi hii yote ulipokuwa gizani ulimpa yeye mkono, mimi nikakaa nyumbani nakaanga vitunguu dirisha wazi, nalinda pua isiyokuwepo."

Hapo Mwonjaji alilia. Fundi alimwacha alie, akampa pembe ya shuka ajifute. Kisha akamwambia linalopaswa kufanyika. Aende kwa Mkuu, sasa hivi, kabla wateja hawajaonja tena alasiri, aseme mwenyewe kwa mdomo wake. Mwonjaji akasema watafukuzwa. Fundi akasema wafukuzwe. Watu wananunua kwa kuamini neno lake, na neno lenyewe linatoka kwenye kiatu cha mtu. Huo ni uongo, na yeye Fundi hali chakula cha uongo, hata kikiwa kitamu.

"Mimi nakwenda stesheni," alisema, akanyanyua sanduku. "Treni ikifika kabla yako, nitapanda. Wala sitakulaumu."

Alikaa katika mkahawa mdogo ng'ambo ya stesheni, mahali ambapo siku nyingine wangepapenda wote wawili: meza chache, kitambaa cha miraba, mwenye mkahawa anapika mwenyewe na kugombana na sufuria zake. Aliagiza chai asiinywe. Aliwaona abiria wakianza kujikusanya. Alisali kimoyomoyo, sala fupi, akajikuta katikati ya sala anamwaza Kidoti, mkono wake laini ukimenya yai, akaanza sala upya.

Mwonjaji aliingia akihema, tai imelegea. Hakukaa mpaka alipoonyeshwa kiti.

Amesema. Amesema mbele ya Mkuu na mbele ya Kidoti. Mkuu alimwambia arudi nyumbani akasubiri, wataamua. Alasiri Kidoti ataonja kwa jina lake mwenyewe, na kahawa za miezi iliyopita zitaonjwa upya zote. Yawezekana wakampa kazi nyingine, stoo labda. Yawezekana wakamfukuza.

"Na yeye alisema nini?" Fundi aliuliza.

Mwonjaji alieleza bila kumtazama. Kidoti alimwambia Mkuu kwamba yote yalikuwa wazo lake yeye, kwamba kaka yake asilaumiwe, akifukuzwa na yeye afukuzwe.

Fundi aligeuza kikombe cha chai kwenye kisahani chake.

"Anakupenda."

"Ni mtoto yule. Ni mwanafunzi."

"Sikukuuliza umri wake."

Chakula kikaja, samaki na viazi, sahani moja kwa sababu Mwonjaji alisema hana hamu. Fundi akaisogeza katikati. Alikata kipande, akala, akatafuna polepole. Kisha akamkatia na yeye, akamwekea upande wake.

"Hii ina ndimu," alimwambia. "Hiyo utaisikia kwa ulimi. Lakini juu yake kuna majani fulani mabichi, yananukia kama mvua ikianza. Na mafuta haya yamekaangiwa kitu kingine jana. Yule bwana ni mchafu kidogo."

Mwonjaji akala akimtazama mdomoni, kama mtoto anayesomewa. Akaomba cha pili. Nje kengele ya stesheni ikalia, abiria wakanyanyua mizigo yao.

Fundi hakutazama nje. Alikuwa na swali moja, na alijua asipoliuliza hapa atalala nalo maisha.

"Alipokuwa anakukanyaga. Ulikuwa unajisikiaje?"

"Aibu," alijibu haraka.

"Aibu tu?"

Uma ukasimama hewani. Mwonjaji akauteremsha, akaweka mikono yake yote miwili juu ya kitambaa cha miraba.

"Mwanzoni aibu," alisema. "Baadaye, nikazoea. Nikawa naungoja."

Treni iliingia na kelele zake zote, ikafungua milango. Fundi alimtazama mumewe muda wote iliposimama pale. Maneno yale yaliuma, naye akayaacha yamchome. Lilikuwa jibu la kweli, la kwanza tangu msimu wa baridi, na alikuwa ameambiwa yeye, si mwingine. Milango ikafungwa. Treni ikaanza kuondoka.

Chini ya meza, Fundi alivua kiatu, akautafuta mguu wa mumewe, akaukanyaga kwa kisigino kwa uzito wake wote mpaka akamwona anakunja uso.

"Ngoja huu," alimwambia. "Sasa kula, viazi vinapoa."